Mchezo Uliomuua Shefu wa Avenyu Yetu

Wilfried anatengeneza simu. Ndivyo mama yake anavyojibu akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, na hujibu haraka, kama mtu anayefunika sufuria ya chakula kilichoungua. Ukweli ni kwamba kijana huyo mwenye ndevu zake, aliyesomea kompyuta mpaka akapewa diploma, amemaliza miaka yake mizuri akiunda mchezo wa kumtafuta muuaji ambaye hayupo wa mtu ambaye hajafa. Simu za watu hungoja. Yangu imengoja hadi nimesahau namba yake.

Mimi ni Christiane, fundi wa nguo hapa mtaa wa Kataki. Kibanda changu na cha Wilfried vinatenganishwa na ukuta mmoja wa mbao, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyapata kwa umbeya. Niliyapata kwa sababu mbao zina nafasi na mimi sina pamba masikioni.

Mchezo wenyewe aliuita Nani Alimuua Shefu? Unaingia kwenye skrini ukiwa mpelelezi aliyevaa koti refu, katika joto hili la Kalemie, Mungu amsaidie, na unaambiwa kwamba shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, amekutwa amekufa kwenye kiti chake cha plastiki. Sasa zunguka, uliza watu, kusanya ushahidi, kisha simama katikati ya barabara utaje jina la muuaji. Ni hayo tu. Lakini Wilfried si mtu wa hayo tu. Angeweza kuweka nyumba chache na watu wachache, tukacheza, tukafurahi, naye akarudi kwenye simu zetu. Yeye aliweka avenyu nzima. Kila mlango unafunguka. Kila mtu ana asubuhi yake, kazi yake, ugomvi wake na wakati wake wa kwenda ziwani kuoga. Ukimfuata muuza ndakala, vile vidagaa vya ziwani, tangu alfajiri utafika naye sokoni, utamwona akibishana na mteja, utarudi naye hadi nyumbani. Hakuna sababu yoyote ya kumfuata. Unaweza tu.

Na watu hao ni sisi. Wilfried hakubuni hata mmoja. Alikaa mlangoni kwake na bisibisi mkononi, akatutazama miaka yote hiyo, akatutia ndani. Mimi nimo: fundi mnene kuliko nilivyo, amezungukwa na nguo zilizokatwa ambazo hazimaliziki, na ukimuuliza gauni lako liko wapi anasema, "Rudi kesho." Nilipojiona mara ya kwanza nilimtukana Wilfried kupitia ukuta mpaka sindano ikanichoma. Kisha nikaomba kucheza tena.

Aliyefurahi kupita wote ni shefu wetu halisi, Papa Edmond. Katika maisha yake ya kila siku hakuna aliyemsikiliza, hata akitangaza kazi ya kusafisha mitaro. Kwenye skrini avenyu nzima ilikuwa ikihangaika kwa ajili yake. Alikuja kila jioni kujitazama amekufa, na lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba kiti kilichochorwa kilikuwa kibovu kuliko chake.

Kasoro? Nianzie wapi. Watu hupita ndani ya kuta. Mbuzi hupanda juu ya bati na kubaki huko hadi umeme ukatike. Mpelelezi akishuka kwenye pikipiki, pikipiki inaendelea na safari. Siku moja maiti ya shefu iliinuka, ikaenda kula, ikarudi kitini, na Papa Edmond akasema hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Ushahidi unaoukusanya kwa jasho, kiatu, kikombe, kitambaa chenye damu, haukusaidii chochote. Unaweza kutaja jina ukiwa na mfuko mtupu, na ukibahatisha mchezo unakupigia makofi.

"Hii haiko upelelezi," nilimwambia Wilfried. "Hii ni tombola."

"Itaboreshwa, Mama Christiane."

Kila kitu kilikuwa kinakuja kuboreshwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo, pamoja na hasira zangu zote, siwezi kumnyima. Mpelelezi wake lazima asalimie. Huwezi kuingia kwa mtu na kumuuliza jana alikuwa wapi. Unapiga hodi, unasalimia, unauliza habari za nyumbani, za watoto mmoja mmoja, za mgonjwa kama yupo, za msafiri kama yuko njiani. Ukiruka hata moja, mwenye nyumba anakwambia, "Papa, sisi haiko mbuzi," na mlango unafungwa. Vijana waliozoea michezo ya ng'ambo, ya kupiga risasi kwanza na kuuliza baadaye, walichoka upesi wakaenda zao. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha nikanyamaza, kwa sababu zile zilikuwa sauti zetu hasa, na kabla ya hapo sikujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akizisikiliza. Nampenda Wilfried kwa hilo. Nampenda, na simu yangu bado iko kwake.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya vibanda vyetu, anakaa Mama Émérence. Ni mjane, mzaliwa wa Mpala, aliyeletwa hapa na mume wake alipopata kazi kwenye reli. Hawakujaliwa watoto. Mume akafa, naye akabaki na nyumba na karai lake. Kila asubuhi anakaanga mikate, ile ya duara ya kuchovya kwenye chai, na avenyu nzima inanunua na kuondoka ikitafuna. Kwenye mchezo alikuwemo naye, na karai lake, na moshi wake. Wachezaji wengi walipenda kuanzia kwake kwa sababu kwake salamu ilikuwa fupi. Hakukuwa na mtoto wa kuuliziwa, wala mgonjwa, wala msafiri. Unabonyeza mara moja, umemaliza.

Kila mchezo unapoanza, mashini, kama tunavyoiita kompyuta yake, huchagua muuaji mpya kwa siri. Ndiyo maana unaweza kuucheza tena na tena. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda hivyo: leo katekista, kesho mimi (niliua kwa mkasi, nikaona si vibaya), siku nyingine Didier wa pikipiki. Kisha Wilfried akaboresha. Hapo ndipo tulipaswa kukimbia. Aliongeza mashahidi. Sasa ukimuuliza mtu wakati shefu anakufa alikuwa wapi, kuna mwingine wa kusema, nilikuwa naye. Tukapiga makofi, tukasema hatimaye mchezo umepata akili. Na tangu siku hiyo muuaji akawa Mama Émérence. Ukicheza asubuhi ni yeye, ukicheza jioni ni yeye, acheze nani, ni yeye.

Mwanzoni tulicheka. Aliyeacha kucheka wa kwanza ni huyo Didier, kijana anayebeba abiria kwa pikipiki, ambaye kwa kuwa anafika kila mahali anaamini anajua kila kitu.

"Mashini haina ndugu," alisema mbele ya kibanda, watu wakimsikiliza. "Haina hasira na mutu. Kama inamutaja ule mama kila siku, iko inaona kitu."

"Inaona nini?" nikamuuliza. "Juzi ilionyesha pikipiki yako inapita ndani ya ukuta wa kanisa."

"Ile ilikuwa kosa ya mashini. Hii haiko kosa."

Nikamuuliza anayatofautishaje. Akawasha pikipiki akaondoka.

Wiki hiyohiyo Papa Edmond akaugua. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, akatapika. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekula mikate ya Mama Émérence kama mtu mwingine yeyote wa avenyu, mimi nikiwemo, lakini mimi sikuvimba, kwa hiyo sikuhesabiwa. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimgusa tumbo, akamwambia ini limechoka na aache lutuku, ile pombe kali inayopikwa uani na kunywewa kwa kujificha. Jibu hilo halikumfurahisha mtu. Ini halina hadithi. Mjane anayeishi peke yake, ambaye mashini imekwisha kumtaja, huyo ana hadithi.

Kesho yake mikate ya Mama Émérence ilijaa karai mpaka ikapoa. Watu walipita upande wangu wa barabara wakijifanya wanatazama vitambaa vyangu, ambavyo hawajawahi kuvitazama. Mtu mmoja, sitamtaja, akamwita mulozi, yaani mchawi. Sijui kwenu, lakini hapa neno hilo likishasemwa juu ya mama mzee, hata kama aliyelisema ni mpumbavu, watu huanza kutazama paa la nyumba yake kwa macho mengine. Kufikia mchana kilikuwa kimeshaitishwa kikao uani kwa shefu. Walitaka Mama Émérence aondoke kwenye avenyu, arudi Mpala. Kwamba huko Mpala hakuna tena aliyebaki wa kumfungulia mlango, wote walijua. Waliona ni jambo lake.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Didier, niliwakasirikia wateja, na zaidi ya wote nilimkasirikia bwana mkubwa aliyekuwa kimya nyuma ya mbao. Nikaupiga ukuta kwa rula.

"Wilfried! Unasikia yenye wanasema?"

"Nasikia, Mama."

"Toka basi!"

"Niko natafuta."

Alikuwa anatafuta kosa. Alipolipata alikuja kwangu amepauka, akakaa juu ya furushi la vitambaa vya mteja bila hata kuomba ruhusa.

"Mashini inaondoa kwanza kila mutu mwenye shahidi," alisema. "Ile saa shefu anakufa, kila mutu iko na mutu wake ndani ya nyumba. Bibi, bwana, watoto. Kisha inachagua muuaji kwa wale wanabakia. Na mwenye anabakia ni mumoja."

"Mama Émérence."

"Kwake hakuna mutu. Haimuchagui, Mama Christiane. Haina mwingine wa kuchagua."

Nikamwambia aende akaseme hayohayo kikaoni. Akajibu kwamba wataona mchezo wake ni takataka.

"Si ni takataka?"

Macho yake yalinichoma, kwa sababu si takataka, na yeye alijua kwamba najua. Lakini sikulirudisha neno. Mjane alikuwa anafukuzwa, hapakuwa na nafasi ya kumbembeleza msanii.

Uani kwa shefu palijaa hadi kwenye jiko. Papa Edmond aliketi kwenye kiti chake cha kweli, mgonjwa na mwenye furaha, kwa maana hatimaye walikuja wote. Mama Émérence walimweka kwenye stuli pembeni, mikono mapajani. Watu hawa, ambao ndani ya skrini wanakufungia mlango usipowauliza habari za shangazi yao, walipita mbele yake mmoja baada ya mwingine bila kumsalimia. Didier alieleza ushahidi wote. Ushahidi wote ulikuwa mashini.

Ndipo Wilfried akaingia na kompyuta kifuani na betri ikibebwa nyuma yake, akaiweka mezani, akageukia watu.

"Muchezo wangu ni mubovu," alisema.

Aliwaeleza kuhusu mashahidi, kuhusu nyumba yenye mtu mmoja, kuhusu kosa alilolifanya yeye mwenyewe kwa mikono yake. Aliwaambia, bila kulazimishwa na mtu, kwamba kazi aliyoikalia ujana wake wote haijui kumtofautisha muuaji na mtu aliyekaa peke yake. Nasema wazi, nilimwonea fahari. Niliwahi kumtukana kwa simu moja, na pale nilikuwa tayari kumpa ya pili.

Bila shaka hawakuelewa neno.

"Unasema hivyo ju unamuogopa," Didier akasema.

"Basi tazameni kwa macho yenu. Niko naenda kuweka mugeni kwa Mama Émérence. Na kwa shefu, niko namutoa Mama Pascasie."

Mama Pascasie, mke wa shefu, alishtuka. "Unitoe niende wapi?"

"Kwa mashini tu, Mama."

Akabonyeza vitufe watu wakimwona. Mgeni akaingia kwa mjane, mke wa shefu akafutika, na shefu wa kwenye skrini akabaki peke yake ndani ya nyumba yake. Mchezo ukaanza. Shefu akafa, kama kawaida yake. Wilfried akaharakisha, akapita salamu zote kwa njia anayoijua yeye tu, akaiambia mashini itaje muuaji. Ikamtaja Shefu.

Ua mzima ulicheka. Wanawake walishikana mabega. Hata Papa Edmond alicheka, akishika tumbo lake lililovimba.

"Mumeona sasa?" Wilfried alikuwa karibu kulia kwa nafuu. "Shefu amemuua shefu! Amejiua, kisha mpelelezi anamutafuta! Ni ujinga mutupu. Mashini haijue kitu!"

Mama Pascasie hakuwa anacheka. Alisimama, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Inajua," alisema. "Inajua muzuri sana. Huyu papa njo anajiua mwenyewe. Mimi nasema kila siku. Muganga wa kituo alisema. Nani alisikia? Sasa mashini imesema."

Akaenda nyuma ya choo, akarudi na bidoni ya lutuku, akaifungua mbele ya mume wake, na akaimwaga chini taratibu hadi tone la mwisho. Harufu ilitufanya wengine tukohoe. Papa Edmond aliitazama ardhi inavyokunywa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu augue, alionekana mgonjwa kweli.

"Nilisema mimi!" Didier alipiga kelele. "Mashini haina ndugu!"

Wote wakaitikia. Wilfried aliruka, akatikisa mikono, akawaambia kwamba amebadilisha yeye mwenyewe, sasa hivi, wamemwona akibadilisha kwa vidole vyake. Walimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu asiyejua kipaji chake. Kikao kilifungwa kwa sala ya kushukuru. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Mama Émérence kwamba ameachiliwa. Aliinuka mwenyewe, akairudisha stuli jikoni ilikotoka, akaenda kwake.

Leo Wilfried ni mtu maarufu. Wanakuja hadi kutoka Niemba kuiuliza mashini mbuzi wao wameibiwa na nani, na mabwana wao wanalala wapi. Anawafukuza, wanarudi na ndugu zao. Mama yake sasa anajibu kwa sauti kubwa akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani. Mchezo wenyewe hauchezwi na mtu. Hakuna anayemfuata muuza ndakala hadi sokoni, hakuna anayefungua ile milango yote aliyoitengeneza mmoja mmoja, isipokuwa mimi siku nguo zikinichosha, na mimi mmoja, kama alivyoniambia, si umma. Papa Edmond amepungua tumbo na ameongeza ukali. Anasema alikuwa na furaha zaidi alipokuwa ameuawa.

Na wateja wa mikate walirudi kesho yake tu. Walinyoosha mkono, "Mama, nipe mikate," wakapokea, wakatafuna, wakaenda. Kama kuna aliyesema pole, alisema kimoyomoyo. Mama Émérence aliwauzia wote, na Didier pia.

Baada ya siku kadhaa alivuka barabara, akaja kwenye kibanda cha Wilfried na mikate ya moto kwenye bakuli. Niliacha kukanyaga cherehani. Wilfried aliinuka, akampa kiti chake, akaanza kuomba msamaha, msamaha mrefu wenye mambo ya kompyuta ndani. Mama Émérence alimwacha amalize.

"Ule mugeni uliweka kwangu," akauliza, "angali mule ndani?"

"Angali, Mama. Sitamutoa."

"Anafanya nini?"

"Anakaa tu. Anakunywa chai."

Mama Émérence alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na mgeni huyo.

"Na kabla ya ule mugeni? Wote uliwapa watu. Huyu bibi, huyu watoto, huyu wajukuu. Ju ya nini mimi uliniweka peke yangu?"

Nilimsikia Wilfried akitafuta jibu zuri. Hakulipata, akatoa la kweli.

"Mama, mimi sikubuni kitu. Niliandika tu vile nilikuwa naona kutoka hapa mulangoni. Miaka yote sikuona mutu anaingia kwako."

Mama Émérence alitazama barabara, akatazama mlango wake ng'ambo, kisha akamtazama kijana.

"Kumbe uliona," alisema.

Akaweka bakuli juu ya meza, katikati ya simu za watu, akavuka kurudi kwenye moto wake.